Nyundo Zote Mbili

Hapana, hakuwa mwizi. Ngojeni basi niseme, mbona mnanikatisha? Juma zima watu wananisimamisha njiani: mzee, yule aliyeanguka nje ya mlango ni nani, kafa au hakufa? Hakufa. Na mwizi gani anavaa koti la rangi ya machungwa linaloonekana mpaka mlima wa pili?

Aliyeanguka ni Dwight. Huyohuyo Dwight Amspacher, muuza bima wa Allentown, aliyemuoa Nadine, binti wa pekee wa mzee Orville Krumm.

Juma lililopita hadithi ilimwacha mzee Orville peke yake ndani ya kibanda cha wawindaji, kule milimani Pennsylvania, saa mbili asubuhi, siku ya kwanza ya msimu wa kulungu. Magoti yalimkatalia kwenda na wenzake. Na juma lile vibanda viwili vya jirani vilikuwa vimevunjwa. Mlango wa nyuma ukapigwa teke. Ukapigwa la pili. Orville hakuuliza. Alinyanyua shotgani yake ya mitutu miwili akafyatua, na nje kikaanguka kitu kizito.

Mlango ukafunguka wenyewe, umetobolewa kama chekecheke.

Dwight alikuwa chali kwenye theluji. Juu yake kulungu jike. Alikuwa amembeba mabegani kama mtoto wa shule na mkoba wake, na marisau, zile chembe za risasi, karibu yote yaliishia kwenye nyama. Moja tu lilimpata yeye. Lilimchukulia ncha ya sikio la kushoto.

Walitazamana. Orville mlangoni na bunduki, Dwight chini na damu shingoni.

Hapo kuna jambo lilipita. Jambo la pumzi moja tu. Msiniharakishe, nitalifikia.

"Mzee!" Dwight akalia. "Ni mimi! Ni mimi mzee!"

"Naona," akasema Orville.

*

Merle Zettle na Lamar Fronk walikuja mbio kwa kuusikia ule mlio. Merle ndiye mkubwa wa kambi, kaka wa marehemu Verna, mkewe Orville. Hana analolipenda duniani kama kumcheka mtu aliyeumia. Lamar ni fundi bunduki, maneno machache, vidole vyeusi vya mafuta.

Merle alimtazama Dwight, akamtazama kulungu, akautazama mlango. Akaanza kucheka mpaka akashika nguzo.

"Kwanza," akasema, "nani kakufundisha kumbeba kulungu mgongoni, na misitu yote hii imejaa watu na bunduki? Ungepigwa na wilaya nzima!"

"Ni kulungu wangu wa kwanza, mjomba," Dwight akasema, kashika sikio. "Nilitaka kumshangaza mzee."

"Umemshangaza."

"Sikio langu!"

"Sikio lenyewe ulikuwa hulitumii. Miaka kumi tunakwambia hapa hakuna anayesogelea mlango kimyakimya."

Na hilo ni kweli. Kwa watu wale, anayerudi kambini akifika kwenye lundo la kuni anasimama na kupaza sauti: "Kambi!" Anangoja. Wa ndani akijibu "Njoo!" ndipo anasogea. Mtoto wa miaka saba analijua hilo. Dwight alikuja kimya, mikono imejaa, akapiga mlango kwa buti.

Lamar alimfunga sikio kwa utepe wa nyaya za umeme, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Kabla ya hapo akalimwagia wiski. Dwight akapiga kelele.

"Sasa ndio unapiga kelele," akasema Merle. "Umechelewa."

Orville hakucheka. Alikuwa amekaa kwenye benchi, bunduki magotini, akimngoja mtu amlaumu. Alijua Nadine anakuja mchana na chakula. Na alijua alichoambiwa na Nadine siku nne nyuma, mezani, sikukuu ya Shukrani, ile ya kula bata mzinga: "Baba, tukio moja tu tena. Moja. Bunduki zinatoka kwenye nyumba yako, na wewe unatoka."

Kutoka kwenda wapi? Kwenye nyumba ya wazee kule mjini, chumba cha kitanda kimoja na dirisha lisilofunguka. Fomu ya kumwandikisha huko ilikuwa tayari. Orville aliiona jana yake kwenye koti la Dwight, jina lake limeshajazwa, tena kwa mwandiko wa Dwight. Ni Dwight huyohuyo aliyemnyang'anya ufunguo wa gari lake wakati wa kiangazi, nje ya kanisa, watu wote wakiona, akautikisa hewani kama kengele ya mbuzi.

Basi hilo ndilo lililokuwa mezani siku ile. Mzee kubaki kwake, au kufa chumbani kwa watu.

*

"Tukae tuhukumu," akasema Merle. Akamimina kahawa vikombe vinne. "Shemeji, wewe ulisikia nini?"

"Mlango unapigwa teke. Mara mbili."

"Ukamwita mtu?"

"Mwizi utamwita jina gani?"

"Ndio maana mimi nasema nyumbani bastola," akasema Merle, akipapasa kiunoni. "Unaishika mkono mmoja, wa pili unafungua mlango unaangalia. Hilo dude la Orville ukilishika huna mkono wa kujikunia."

"Bastola," Lamar akasema kwa dharau. "Usingizini, mikono inatetemeka, utapiga friji. Nyumbani shotgani. Marisau madogo, yasitoboe ukuta wa pili ukamuua mkeo kitandani. Orville yuko sawa. Angekuwa na raifo yako ya kulungu, Merle, ile ya risasi moja nzito, sasa hivi tungekuwa tunamwosha huyu."

"Mimi yangu ina tochi chini ya mtutu," Dwight akasema. "Unawasha, unamwona mtu, ndipo unaamua. Kuona kwanza. Mafunzo tuliyopewa..."

"Mafunzo!" Merle akamkata. "Ile bunduki yako ina tochi, ina darubini, ina kamera, ina mguu. Imebaki kutiwa magurudumu. Na kulungu umempata na nini?"

"Na raifo ya marehemu mama mkwe," akajibu Dwight polepole.



"Ile ya Verna," akasema Orville. "Nani alikwambia uiguse?"

"Nadine alinipa."

"Wewe hakuna kitu changu usichopewa."

Merle akagonga meza. "Basi. Hukumu. Dwight hakuita, kosa ni lake. Sikio ndio faini, ameshalipa. Mlango atautengeneza. Umesikia, mwenye sikio moja?"

Orville akahisi kifua kinafunguka. Hukumu imempitia pembeni. Merle akisema mbele ya Nadine kwamba kosa ni la Dwight, limekwisha.

"Lakini," Merle akainua kidole, na macho yake yakaanza kucheka. "Bado shemeji."

"Mimi nina nini?"

"Ulimlenga nani?"

"Mwizi."

"Ukampata nani?"

"Kulungu."

"Aliyekwishakufa! Mabwana, mtu kalenga kimoja kapata kingine. Hapa kwetu huko kunaitwaje?"

"Kukosa," akasema Lamar, na kwa mara ya kwanza akatabasamu.

Sasa mjue, kambini pale ukimkosa kulungu wanakukata mkia wa shati na mkasi, wanaandika jina lako na mwaka, wanaupigilia msumari kwenye boriti. Boriti nzima imejaa vitambaa. Merle ana vitano. Dwight ana tisa, kila mwaka wake. Orville hakuwa na hata kimoja. Miaka arobaini na nane ya kuwinda, hakuna hata uzi.

"Usithubutu," akasema Orville.

"Sheria ni sheria, shemeji. Simama."

"Merle, shati hili alilishona dada yako."

"Basi alilishona refu. Simama."

Walimsimamisha. Merle alishika mkono mmoja na Lamar mwingine, na mkasi akapewa Dwight. Huyo Dwight wa utepe sikioni! Alikata taratibu, kwa mstari ulionyooka, akijua kila sauti ya mkasi inamwingia yule mzee mgongoni. Kitambaa kikatoka. Merle akaandika: *Orville Krumm. Alikosa mkwe.*

Wakacheka. Dwight alicheka kuliko wote.

Orville aliketi, upepo unampiga kiunoni. Alifikiri hapo ndipo mwisho wa aibu ya siku ile.

*

Ni Lamar aliyeharibu. Ufundi wake haumruhusu kuona bunduki chafu ikalala. Alisema, "Lete niipitishie kitambaa," akaichukua kutoka magotini kwa Orville. Akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Bunduki ile ni ya zamani. Nyundo zake ziko nje, mbili, zimesimama kama masikio ya sungura. Unazivuta nyuma kwa dole gumba. Ukivuta triga ya mbele, nyundo ya kulia inalala na kulipua risasi. Ukivuta triga ya nyuma, ya kushoto inalala.

"Orville," akasema Lamar. "Nyundo zote mbili zimelala."

"Nilifyatua."

"Tulisikia mlio mmoja."

Akaivunja shingo, yaani akaikunja ikafunguka nyuma ya mitutu. Mtutu wa kulia ulikuwa na ganda jekundu, limekwishalipuka. Mtutu wa kushoto ulikuwa mtupu.

"Ulijaza risasi moja?"

"Mbili. Mimi sijawahi kujaza moja."

Lamar akaielekeza dirishani, akachungulia mtutu wa kushoto. Hakuona mwanga. Akachukua ufito wa kusafishia, akausukuma kutoka mbele, kwa tahadhari, kama mtu anayemtoa nyoka kwenye bomba. Kitu kikateleza. Kikadondoka juu ya meza, kikaviringika mpaka kwenye kikombe cha Merle.

Risasi nzima. Ganda la njano.

Kila mtu pale alijua maana yake. Shotgani ya Orville ni ya mtutu namba kumi na mbili. Ganda la njano ni la namba ishirini, jembamba zaidi, na viwanda hulipaka njano makusudi ili mtu asikosee. Ukilitia kwenye mtutu mpana halikai nyuma, linateleza mbele na kukwama. Ukichungulia unaona patupu, unadhani umesahau, unaongeza la pili nyuma yake. Ukifyatua, bunduki inakupasukia usoni.

"Ungeongeza moja tu," Lamar akasema, "tungekuwa tunaokota vidole vyako."

Orville alisimama. 

"Ni huyu!" Akamnyooshea Dwight kidole. "Jana usiku alikuwa wa mwisho kulala! Kaitia humo nife! Ana fomu yangu mfukoni, Merle, mpekue! Anataka nyumba yangu, na hakuwa na subira!"

"Mzee, mimi?" Dwight akarudi nyuma.

"Mpekue!"

Merle hakumpekua Dwight. Alitembea mpaka kwenye msumari lilikotundikwa koti la Orville, akatia mkono kwenye mfuko wa kulia, akamwaga mezani vilivyokuwamo.

Risasi nyekundu. Nyekundu. Njano. Nyekundu. Njano. Njano.

"Hizi ni za Verna," Merle akasema. Hakuwa anacheka tena. "Za bunduki yake ya kuwindia kwale, namba ishirini. Unazitembeza kwenye mfuko mmoja na zako? Miaka mitatu tangu afe?"

Orville alizitazama. Aliyajua aliyokuwa akiyafanya. Kila asubuhi alikuwa akizihamisha kutoka koti hadi koti, za Verna na zake pamoja, kwa sababu hakutaka kuzitenga. Hakuna mwindaji anayefanya hivyo. Mtoto akifanya hivyo anachapwa.

"Umejaribu kujiua mwenyewe kwa ujinga," akasema Merle, "ukataka kumfunga mwanaume mwingine kwa hilo."

"Sikujua."

"Ndio ubaya wenyewe. Hujui."

Lakini Lamar bado alikuwa ameishika bunduki. Kidole chake kilikuwa juu ya ile nyundo ya kushoto.

"Hii imelala lini?" akauliza.

"Nilivuta zote kwa pamoja," Orville akasema haraka. Haraka mno. "Mshtuko. Vidole vilijikunja."

Dwight alikuwa ameinama. Alikohoa. Akasema bila kuinua kichwa:

"Mlango ulikuwa umeshafunguka."

Lamar akaiweka bunduki mezani.

"Nilikuwa chini. Tulikuwa tunatazamana. Koti langu hili hapa, la machungwa. Nikaona kidole chake kinarudi kwenye triga ya nyuma. Nikasikia *tak*." Akanyanyua macho. "Ndipo nikalia ni mimi. Akaniambia, naona."

Basi, hilo ndilo lile jambo la pumzi moja. Sasa mmelijua.

Merle alimgeukia shemeji yake. "Orville. Sema anaongopa."

Orville alifungua mdomo. Akaliona lile koti tena kichwani mwake, jinsi lilivyong'aa kwenye theluji, na uso ulivyokuwa wazi, na jinsi alivyowaza kwa utulivu kabisa, kama mtu anayechagua nyanya sokoni: *hakuna atakayejua.* Aliufunga mdomo.

"Ee Mungu wangu," akasema Lamar.

"Dada yangu kakuokoa na kitanzi," Merle akasema, akaitazama ile risasi ya njano iliyokwama isilipuke. "Kafa, na bado anakusafishia uchafu." Akatema mate kwenye jiko. "Nadine akifika namwambia. Yote. Leo hii hulali kwako."

"Merle. Nakuomba."

"Usiniite."

"Niondoleeni bunduki. Chukueni zote. Lakini msimwambie mwanangu kwamba mimi..." Alipiga magoti, yaleyale magoti mabovu, kwenye sakafu yenye damu ya kulungu, na shati lake lisilo na mkia. "Nitakwenda huko kwenye nyumba ya wazee. Nitatia saini. Msimwambie tu."

Hakuna aliyemnyanyua.

*

"Kambi!" sauti ya mwanamke ikaita kutoka kwenye lundo la kuni.

Nadine. Kaita kama inavyotakiwa, kasimama anangoja.

Wanaume wanne walitazamana. Merle akavuta pumzi ajibu, na Dwight akamshika mkono.

"Mwacheni," akanong'ona. "Nitasema mimi. Aliyepigwa ni mimi."

"Utasema nini?"

"Njoo, mpenzi!" Dwight akaita.

Nadine aliingia na sufuria kubwa ameikumbatia, mvuke unatoka: matonge ya unga yaliyochemshwa na kuku, pishi la mama yake. Aliuona mlango. Akaona sikio. Akamwona baba yake anajikokota kutoka sakafuni.

"Nani kapiga huu mlango?" Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Baba?"

Orville alishika ukingo wa meza.

"Mimi," akasema Dwight.

"Wewe?"

"Nilikuwa namwonyesha mzee jinsi ya kuisafisha. Nikasahau kuangalia kama imejazwa. Marisau yakagonga bawaba, moja likanirudia. Bahati yangu. Muulize mjomba."

Nadine aliitua sufuria. Alikwenda mpaka kwa mumewe akamzaba kofi, upande ule wa sikio zima.

"Mpumbavu wewe! Ungemuua baba yangu! Siku zote unamsema yeye, haoni, hasikii, tumtoe, tumtoe! Kumbe wa kutolewa ni wewe!"

"Kweli," Dwight akasema kwa upole. "Umesema kweli."

"Mjomba, na wewe unacheka tu?"

"Sicheki, mwanangu," akasema Merle. Na kweli hakuwa anacheka.

Nadine akamkumbatia baba yake. "Pole, baba. Na shati lako wamelikata, mashetani hawa. Hakuna tena maneno ya kukuhamisha. Fomu ile naichana leo."

Orville alilia begani mwa mwanawe. Alikuwa amepata kila alichokitaka: nyumba yake, mlango wake, mauti yake mwenyewe kitandani pake. Juu ya bega la Nadine akamwona Dwight anamtazama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha. Alikuwa na uso wa mtu aliyetega mtego, sasa amekaa anasubiri.

Sahani zikapangwa. Lamar alikaanga maini ya yule kulungu na vitunguu, akachagua marisau kwa ncha ya kisu, tak, tak, kwenye kopo. Merle akakaa. Lamar akakaa. Nadine akapakua.

Dwight alivuta kiti cha karibu na dirisha, akakipangusa kwa mkono.

"Kaa hapa, baba," akasema. Miaka kumi na mmoja alikuwa hajamwita baba. "Nadine, nilikuwa nafikiri. Mimi na mzee tumekaa vibaya muda mrefu. Kesho asubuhi tunatoka kuwinda wawili tu, mpaka kule kwenye bonde la misonobari. Yeye anayajua mapito."

"Na magoti yake?"

"Tutakwenda polepole. Yeye atatangulia. Mimi nitakuwa nyuma yake."

Merle aliweka uma chini. Lamar aliangalia sahani yake.

"Jamani," Nadine akasema, na macho yake yakajaa machozi ya furaha. "Mama angelipenda hili. Baba, utakwenda, si ndiyo?"

Wote walimgojea. Chakula kinapoa.

"Nitakwenda," akasema Orville.

Akavuta kile kiti, akakaa. Nadine akaomba baraka, na wote watano wakaanza kula.